Mwanamke Aliyethibitishwa Kuwa Hana Dada

Iko nchi moja, na usiniulize iko upande gani, maana hata ramani yake iliombewa kibali ikanyimwa. Wananchi wake wanajua wamo ndani yake kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaona wakitoka.

Katika nchi hiyo palikuwa na Idara ya Kutunza Yasiyosemwa, jengo la ghorofa nne lenye madirisha ya kuchorwa ukutani. Mwaka ninaousimulia, serikali ilitangaza kwamba kila anayegusa karatasi ya Idara, awe anaisoma, anaibeba au anaifuta vumbi, lazima awe na Kibali cha Siri. Kibali hicho hakitolewi kwa elimu wala kwa cheo. Kinatolewa kwa mwenendo mwema na ukweli. Hapo ndipo watu walipoanza kukonda.

Fomu ya Mwenendo ilikuwa na kurasa arobaini na moja. Swali la kwanza liliuliza: "Umewahi kusema uongo?" La pili likasema: "Kama umejibu hapana, eleza kwa nini umedanganya katika swali la kwanza." Swali la tisa lilimtaka mwombaji ataje maovu matatu ya jirani yake. La kumi lilimwarifu kwamba jirani naye ameshapelekewa fomu.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa dereva. Aliulizwa kama amewahi kuchukua sukari ya chai ya ofisi akaipeleka nyumbani. Akakiri, mara mbili, mtoto akiwa mgonjwa. Akanyimwa kwa wizi. Wa pili, mlinzi, alikuwa amesikia habari za dereva, akaapa kwamba hajagusa sukari ya ofisi hata punje. Akanyimwa kwa uongo, kwa kuwa sukari huisha kila Jumatano na lazima iende mahali. Wa tatu, mfagizi, alisema yeye hunywa chai bila sukari. Huyo alinyimwa kwa kujitenga na wenzake.

Waziri mwenyewe alijaza fomu yake kwa wiki tatu. Ilipofika kwenye Kamati ikaonekana ina siri nyingi mno, na hakupatikana mtu mwenye kibali cha kutosha kuifungua. Ikapitishwa kwa kuheshimiwa.

Mashavu aliyaona yote hayo na bado akachukua fomu. Alikuwa mshona majalada. Karatasi zililetwa mezani kwake zimelala kifudifudi, kwa amri. Alizipanga bila kuzigeuza, akazitoboa kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, akapitisha uzi wa kitani, akafunga fundo, akakata. Miaka kumi na minane alikuwa ameshona siri za nchi nzima na hakuwa akijua hata moja. Alizijua kwa migongo tu.

Kazi hiyo hakuiomba kwa kupenda sindano. Aliiomba kwa sababu ya Ghala la Chini.

Ghala la Chini lilikuwa chini ya ngazi, nyuma ya mlango wa kijivu. Humo yalikaa majalada ya watu waliochukuliwa. Wafanyakazi wa Idara, hata wale wenye digrii, hawakupita mbele ya mlango ule bila kusema "hodi" kwa sauti ndogo. Nani aliyeanzisha, hajulikani. Hakuna aliyewahi kujibiwa "karibu", na bado walibisha hodi, na baada ya kubisha waliongeza mwendo. Miaka yote waliingia wakubwa tu; sasa angeingia yeyote mwenye kibali. Na Mashavu alitaka kuingia, alifungue jalada moja tu, ajue dada yake alipelekwa wapi, na kama ana kaburi, kaburi liko wapi.

Dada yake aliitwa Chausiku. Alikuwa msomaji wa hali ya hewa redioni. Miaka kumi na tisa kabla ya hapo alitangaza kwamba Siku ya Taifa itanyesha mvua. Kutangaza hakukuwa kosa kubwa. Kosa ni kwamba mvua ilinyesha. Mheshimiwa Mkuu alilowana mbele ya mabalozi, na ikaonekana wazi kwamba mwanamke yule alikuwa na mawasiliano na mawingu.

Siku mbili baadaye, saa tisa alasiri, wanaume watatu walikuja kwa Mashavu. Alikuwa na mimba ya miezi minane na chungu kikiwa motoni. Wakauliza kwa adabu: "Una dada anayeitwa Chausiku?" Mashavu akajua wanamtafuta. Akajua pia kwamba mtu asiye na ndugu hana pa kujificha, kwa hiyo hawatarudi kumngojea pale. Akafikiri haraka, kama mwanamke mwenye chungu motoni anavyofikiri, akasema: "Sina dada." Wakamshukuru. Mmoja aliomba maji, akapewa. Hawakurudi, na Chausiku hakurudi.

Taarifa ya hali ya hewa ikafutwa, lakini hakuna aliyethubutu kugusa ratiba. Kila siku saa kumi jioni redio ya taifa ilinyamaza dakika tatu. Watu waliitumia nafasi hiyo kuchemsha chai. Mashavu aliisikiliza. Alikaa mbele ya redio, mikono mapajani, na alikuwa radhi kuapa kwamba ndani ya ukimya ule mtu alikuwa anavuta pumzi kabla ya kusoma.

Tangu hapo, kila Januari, Idara ilipowapa wafanyakazi Tamko la Ndugu, Mashavu aliandika: "Dada: hakuna." Aliamini kwamba anaendelea kumficha.

*

Afisa Mwenendo aliyepewa kesi ya Mashavu alikuwa Bwana Mtitu, mtu mwembamba aliyevaa miwani isiyo na vioo, asije akashtakiwa kwa kuona sana. Alianza kwa jirani, Mama Sijali, aliyekuwa barazani akichambua mchele.

"Mwenendo wake ukoje?"

"Mzuri, baba. Ila ana kiburi cha kuanua nguo mapema. Tangu nihamie hapa mvua haijamlowanishia hata kitambaa. Mtu wa kawaida anajuaje?"

Bwana Mtitu akaandika.

"Na jingine, sijui niseme? Anamwita mwanawe dada."

"Dada ya mzaha au ya heshima?"

"Ya heshima! Akimtuma dukani anasema, 'Dada, naomba unisaidie.' Mtoto amemzaa mwenyewe, uchungu ulipoanza niliusikia mimi huku ukutani! Wangu mimi namwita kwa ufagio."

Bwana Mtitu aliacha kuandika, maana haya yalikuwa mambo mazito. Katika nchi ile, kama katika nyingine ninazozijua, mtoto akibeba jina la mtu wa ukoo humwiti jina tupu. Aliyebeba jina la baba yako ni baba, hata kama bado anakojoa kitandani. Mwanamke hawezi kumwita bintiye dada ila awe na dada.

Akavuka ua. Mashavu alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi, na bintiye, mwenye miaka kumi na tisa, anakata mchicha.

"Binti anaitwa nani?"

"Chausiku," akasema Mashavu, bila kuacha kukuna.

"Amebeba jina la nani?"

"La nani tena? Alizaliwa usiku."

Bwana Mtitu akatoa karatasi mkobani. "Kadi ya kliniki inasema saa saba mchana."

"Kulikuwa na mawingu."

Binti alikohoa ndani ya mchicha.

"Mawingu ya kuita usiku?"

"Baba yangu, wauguzi waliwasha taa."

"Na kwa nini unamwita dada?"

Binti akadakia: "Mimi ndiye mkubwa humu ndani, mzee. Huyu namlea tu. Angalia alivyoivunja hiyo nazi."

Bwana Mtitu akatazama nazi. Ilikuwa imevunjwa vibaya kweli. Akaandika: "Binti analea mama. Nazi imeonwa."

Alipoondoka, binti aliweka kisu chini.

"Mdogo wangu," akasema, maana naye alizoea kumtania hivyo, "kwa nini usiseme tu? Miaka yote hii."

"Nikisema, sipati kibali. Nisipopata kibali, sishuki chini."

"Na ukidanganya?"

"Nikidanganya nitaonekana mkweli. Kata mchicha."

*

Kamati ya Mwenendo na Ukweli ilikaa katika ukumbi wenye viti saba na wajumbe wanane. Mwenyekiti, Mheshimiwa Kalokola, alisimama muda wote, watu wakidhani ni kwa heshima. Bwana Mtitu alisoma taarifa yake hadi mwisho. Mjumbe mmoja akauliza kuhusu mawingu. Ikajibiwa kwamba huduma ya hali ya hewa ilifutwa kabla ya mtoto kuzaliwa, hivyo hakuna chombo cha serikali kinachoweza kuyakanusha. Mawingu yakapita kwa kura saba, moja ikiwa haikupata kiti.

Ndipo Mheshimiwa Kalokola alipotoa hotuba iliyochapishwa baadaye kwenye kalenda za Idara.

"Ndugu wajumbe! Ukweli ni nini? Wako wanaodhani ukweli ni jambo lililotokea. Mambo yanayotokea ni mengi, tena hayana nidhamu! Leo linatokea hili, kesho lile. Serikali haiwezi kukimbizana na matukio kama mama anayefukuza kuku. Ukweli, ndugu zangu, ni jambo lililoandikwa, likarudiwa, likakubali kukaa mahali pake. Mama huyu aliulizwa mara moja, akasema hana dada. Akaulizwa kila Januari kwa miaka kumi na minane, akasema hana dada. Hakuongeza hata shangazi! Mtu wa namna hii ukimpa siri, itakaa." Akamgeukia. "Mama, kwa mara ya mwisho, una dada?"

Mashavu alikuwa amejiandaa kuteseka. Hakuteseka. Neno lilitoka lenyewe, jepesi, kama mlango unaoujua mkono wa mwenye nyumba, na wepesi huo ndio uliomtisha.

"Sina."

Wakapiga makofi. Akaapishwa kutomwambia mtu yeyote atakachokisoma, hata nafsi yake ikiwa imelala. Akavishwa utepe wa kijani wenye maneno MKWELI DARAJA LA PILI. La kwanza lilikuwa la Waziri.

*

Kesho yake, baada ya chai ya saa nne, Mashavu alishuka ngazi. Alisema hodi. Akangoja kidogo, asijue anangoja nini. Akafungua.

Ghala lilikuwa safi, na hilo lilimshtua kuliko vumbi. Majalada yalisimama kwenye rafu yamegeuza migongo, maelfu, na kila mgongo ulikuwa na fundo la mkono wake Mashavu, lile lenye mikunjo miwili ambalo hakuna mshonaji mwingine aliyelijua. Alipita katikati yao taratibu. Alikuwa amewashika wote hawa. Amewatoboa, amewafunga, amewakata uzi kwa meno shazia ikiwa mkononi, huku akiwaza bei ya nyanya.

La Chausiku lilikuwa rafu ya tatu. Alikaa sakafuni akalifungua, kwa mara ya kwanza akatazama karatasi usoni.

Ukurasa wa kwanza: "Mshikiliwa yuko mikononi mwetu tangu leo asubuhi. Kosa lake ni dogo. Anaweza kuachiwa leo hii kwa ndugu atakayemtambua. Amemtaja mdogo wake, Mashavu. Anasema mdogo wake hatasita. Maafisa watatu waende wakaulize."

Ukurasa wa pili: "Mdogo aliyetajwa ameulizwa leo saa tisa alasiri. Amesema hana dada. Alitupatia maji, baridi."

Ukurasa wa tatu: "Kwa kuwa hana mwenyewe, hawezi kushtakiwa, maana hakuna wa kumdhamini. Hawezi kuachiwa, maana hakuna wa kukabidhiwa. Apelekwe Nyumba ya Wasio na Wenyewe. Aulizwe tena mdogo kila mwaka."

Mashavu alirudi ukurasa wa kwanza akasoma neno "asubuhi". Akaenda wa pili akasoma neno "alasiri". Akarudi tena. Hawakuwa wakimtafuta. Walikuwa naye. Walikuja kumrudisha.

Zilizofuata zilikuwa karatasi kumi na nane, kwa mwandiko wake mwenyewe, wa Januari baada ya Januari. Dada: hakuna. Dada: hakuna. Chini ya kila moja muhuri mmoja: "Hana mwenyewe. Abaki." Ya mwisho ilikuwa ya mwaka huo. Aliyatambua matundu. Kila mwaka ilikuja karatasi moja peke yake ya kuongezwa kwenye jalada la zamani, ikiwa kifudifudi, naye aliishona vizuri, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi safi.

Hakulia. Kulia katika Ghala kulihitaji kibali kingine. Alilirudisha jalada mahali pake na kupanda ngazi, na alipofika juu aligundua kwamba alikuwa akinyoosha mkono nyuma, kama mtu anayemwongoza mwenzake gizani.

*

Kiapo alikivunja nyumbani, kabla ya chakula cha mchana. Binti alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mama mkubwa yuko hai."

"Januari alikuwa hai."

"Na alisema hutasita."

"Hilo usilirudie, Dada. Nakuomba."

Binti alikwenda chumbani, akarudi na kitambulisho chake kipya, picha bado inang'aa. "Vaa viatu," akasema.

Dirisha la Masahihisho lilikuwa ghorofa ya pili, na aliyekaa nyuma yake zamu hiyo alikuwa Bwana Mtitu.

"Hongera, Mama Chausiku. Kibali kinakufaa."

"Nimekuja kusahihisha tamko. Nina dada. Yuko Nyumba ya Wasio na Wenyewe. Nataka kumchukua."

Bwana Mtitu alitazama kushoto na kulia kupitia miwani isiyo na vioo. "Ukisema unaye, basi umeidanganya serikali mara ishirini. Na neno la mwongo halipokelewi. Kwa hiyo huna dada."

"Na nikiwa mkweli?"

"Ukiwa mkweli, basi ulisema kweli kwamba huna dada."

"Kwa hiyo kwa vyovyote sina."

"Umeelewa haraka. Wengine hukaa hapa hadi jioni."

Binti akasogea. "Basi mimi nimchukue. Ni mama yangu mkubwa."

"Mama mkubwa ni dada ya mama yako. Mama yako ana dada?"

Nyuma yao mtu aliyeleta barua ya likizo aliamua kwamba hajachoka, akaondoka nayo.

Mashavu alivua utepe wa kijani akauweka juu ya meza. "Mwongo adhabu yake ni nini?"

"Mama Chausiku, nenda nyumbani."

"Nimeuliza swali, baba."

"Kibali kinafutwa. Kazi inafutwa. Anafutiwa ndugu wote, kwa kuwa haaminiki tena kuwataja." Sauti yake ilishuka. "Anapelekwa akae hadi mwenyewe mkweli ajitokeze kumtambua."

"Akae wapi?"

Bwana Mtitu alivua miwani, na bila miwani alionekana mtu tu, mwenye usingizi, mwenye watoto. "Mimi sijasikia ulichosema. Chukua utepe wako. Tafadhali, dada."

"Umeona?" akasema Mashavu. "Hata wewe unalo neno hilo. Andika."

Binti alikuwa ameshaweka kitambulisho dirishani. "Mimi sijawahi kujaza tamko lolote, kwa hiyo sijadanganya. Mama yangu akiingia, naruhusiwa kuja kumtambua lini?"

"Baada ya siku thelathini."

"Na akitoka, anatoka na nini?"

Bwana Mtitu alifungua kitabu cha kanuni, akatafuta, akapata. Akasoma polepole, na aliposoma mara ya pili uso wake ulibadilika kidogo. "Kanuni inasema, mtambuliwa hutoka na kile alichokishika mkononi. Haisemi kiwe nini."

"Haisemi?"

"Haisemi."

Akachukua kalamu. Aliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa kawaida yake: "Mwongo."

Binti alimshika mama yake mabega. Hakulia yeye wala mwenzake. Walikuwa katika jengo la serikali. "Siku thelathini," akasema. "Mimi nakuchukua wewe. Wewe usiuachie mkono wa mama mkubwa. Umesikia? Hata wakikuambia uachie usaini."

"Nimesikia, Dada."

*

Nyumba ya Wasio na Wenyewe ilikuwa jengo refu, la chini, lisilo na kibao. Mashavu alifikishwa mchana, jua likiwa utosini. Uani palikuwa na mabenchi, na watu waliokaa juu yake walitazama lango lakini hakuna aliyeinuka. Walikuwa wameacha kudhani kwamba anayeingia amewajia wao. Baadhi yao walikuwa wamefifia, sijui nisemeje vingine. Jua lilikuwa kama linawapitia. Alitafuta uso mmoja kati ya nyuso zile, hakuuona. Alitafuta tena, akiongeza kwenye kila uso miaka kumi na tisa, akitoa nyama, akitia mvi. Hakuuona.

Askari wa zamu alimwingiza kwenye ujia mrefu. Baada ya jua la nje, humo ndani macho yake hayakuona kitu.

"Jina?"

"Mashavu."

"Kuna mtu yeyote humu anayekujua?"

Hili lilikuwa swali la fomu tu, na askari alikuwa ameshaanza kuandika "hakuna". Mashavu alikuwa hauamini tena ulimi wake. Akaanza kutembea kuelekea gizani, bila ruhusa, mkono mmoja ukutani, viatu vyake vikigonga sakafu tupu hatua kwa hatua, huku nyuma yake askari akisema, "We mama, simama, mama." Hatua ya kumi. Ya kumi na tano. Hakuna aliyesogea.

Kisha, kutoka mwisho wa ujia, sauti ya mtu aliyezoea kusikika vizuri:

"Nani huyo anakanyaga kwa visigino kama mwenye nyumba? Mashavu, nyanyua miguu. Sakafu imepigwa deki sasa hivi."